Opsheni ya akiolojia kwa mtu wa uhasibu: kozi bora niliyowahi kusoma chuo

Kila mwanzo wa semista naona watu wanauliza wachukue opsheni gani, yaani kozi ya hiari, na majibu ni yale yale, chukua ile nyepesi, chukua ile ambayo mwalimu wake anatoa A bila shida. Mi leo nataka niwaandikie kuhusu kozi ambayo sio nyepesi na A yake inatafutwa kwa jasho, Utangulizi wa Akiolojia (elimu ya kujua maisha ya watu wa kale kwa vitu walivyoacha ardhini), niliyoisoma mwaka wa pili wakati digrii yangu ni ya uhasibu, pale chuo kimoja cha Dar. Naipa 9 kwa 10 na hiyo moja nitaeleza imepoteleaga wapi.

Nilivyoingia ilikuwa hivi. Ratiba yetu ya uhasibu ilikuwa na nafasi ya kozi moja ya nje, wenzangu karibu wote wakaenda kwenye masoko na ujasiriamali, mi nikasema nimeshasoma biashara tangu kidato cha tatu, nahitaji kitu kingine kabisa. Kwenye orodha nikaona akiolojia. Nimekulia Bagamoyo kwa bibi yangu, upande wa Kaole, na kama kuna mtu anajua Kaole atajua pale kuna magofu, misikiti miwili ya mawe na makaburi, mengine yana minara mirefu juu. Sisi watoto tulikuwa tunapita kando yake kila siku tukienda pwani, hatukujua ni nini zaidi ya kuambiwa msichezee pale pana wenyewe. Nikajisajili kwa sababu hiyo tu, nijue wenyewe ni akina nani.

Lekcha ya kwanza mwalimu hakuja na projekta. Alikuja na mfuko wa rambo wa taka za nyumbani kwake za wiki nzima, akatandika magazeti mezani akaumwaga taratibu ili mpangilio usivurugike sana, akasema haya niambieni humu wanaishi watu gani. Basi tukaanza, kuna boksi la dawa ya mseto kwa hiyo kuna mtu aliumwa malaria, pakiti ina picha ya mtoto kwa hiyo ni mtoto, maganda ya machungwa ya chini mengi ya juu hakuna, labda yamepanda bei au mgonjwa amepona. Halafu katikati ya taka kuna risiti ya LUKU, ile ya kununua umeme. Akaishika akasema hii ndo dhahabu yenu, maana ina tarehe, chochote kilichokaa juu yake kimetupwa siku hiyo au baada yake. Yaani nilisisimka. Sarafu kwenye udongo inafanya kazi ile ile, ukikuta sarafu ya mfalme fulani kwenye tabaka basi lile tabaka haliwezi kuwa la kabla ya huyo mfalme, linaweza kuwa la baadaye lakini sio la kabla. Somo la dakika 50 na mpaka leo sijalisahau.

Sasa watu wa uhasibu nisikilizeni, hii kozi ni yetu kuliko tunavyodhani. Tabaka za udongo ni stoo. Kilichoingia mwisho kiko juu na ndo unachokitoa kwanza, ile LIFO ambayo kwenye viwango vya kimataifa vya uhasibu, IAS 2, imekatazwa kutumika kwenye vitabu, ardhini ndo sheria yenyewe, ila shimo la panya au la choo likikatiza hapo ndo hesabu zinavurugika na lazima ulione kabla hujaandika. Halafu kila kitu unachokitoa lazima kiwe na kumbukumbu yake, shimo gani, tabaka gani, kina gani, tarehe, nani alikitoa. Mwalimu alikuwa anasema kigae kisichojulikana kimetoka wapi hakina kazi hata kama ni kizuri namna gani, na mimi kichwani nikawa naona vocha, ile hati ya kuthibitisha malipo, malipo bila vocha mkaguzi anayakataa, na huku ni hivo hivo. Mwizi wa vitu vya kale anaiba bakuli, ila kikubwa alichoharibu ni ile vocha.

Na ile habari ya kaboni 14, njia ya kupima umri wa mabaki ya viumbe, ambayo wenzangu wa sanaa walikuwa wanaiogopa, kwetu ni uchakavu wa mali kwa njia ya salio linalopungua, kila kipindi unakata sehemu ile ile ya kilichobaki, basi. Mti au mnyama akifa anaacha kuingiza kaboni mpya, ile iliyomo inapungua nusu kila baada ya miaka kama 5,730, nusu ya nusu ikifika miaka 11,460, unaendelea hivo hivo mpaka kwenye miaka elfu 50 hivi ambapo iliyobaki ni kidogo mno haipimiki. Willard Libby alipewa Nobel ya kemia mwaka 1960 kwa kuigundua njia hii. Siku hiyo nilikaa kimbweta, zile meza za kusomea nje, na wenzangu sita wa historia nikawaeleza kwa mfano wa gari la ofisi linalochakaa, wakaelewa wote, na mimi pia nikaelewa uchakavu vizuri kuliko nilivyofundishwa idara yangu.

Ziara ya Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert ilikuwa ya kawaida, tulienda asubuhi, tukaelezwa habari za Zinj, lile fuvu la zamadamu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai Julai 1959, na kwa nini umri wake wa miaka kama milioni 1.75 haukupimwa kwa kaboni bali kwa majivu ya volkano yaliyolizunguka. Ukienda hakikisha umesoma kwanza, la sivyo utapita tu.

Kaole sasa. Tulienda Jumamosi moja, tukachanga elfu 15 kila mtu ya mafuta na chakula, ni kama kilomita 70 toka Dar lakini basi liliharibika njiani tukafika saa tano jua limeshakuwa kali. Kazi zilikuwa mbili, kundi moja linapima magofu na kuchora ramani ya makaburi kwa futi na kamba, kundi lingine linachimba shimo la majaribio la mita 1 kwa mita 1 nje ya eneo la magofu, kwa kibali, na mwalimu alitusomea kabisa kwamba tangu sheria ya mambo ya kale ya 1964 kuchimba bila kibali ni kosa hata kama shamba ni la babu yako. Mi nilikuwa shimoni.

Kuchimba kwenyewe sio kwa jembe. Unachukua mwiko, ule ule wa fundi muashi, unakwangua, unashuka sentimita 10 unasimama, unapima, unachora, unapiga picha, udongo wote unapita kwenye chekeche. Saa ya kwanza tukapata mifuko ya nailoni na kifuniko cha soda. Saa ya pili magamba ya chaza na mifupa ya samaki. Sentimita 40 hivi nikasikia mwiko umegusa kitu, tsk, nikafagia kwa brashi, kigae kidogo kama kidole gumba, kijani ya majani mabichi halafu kinang'aa. Mwalimu akashuka shimoni mwenyewe, akakigeuza, akasema seladoni hiyo, kauri ya kijani, imetoka China. Mimi! Nimezaliwa mita mia nane kutoka hapo! Bakuli limepakiwa kwenye majahazi kule China likashushwa hapa ambapo leo ukitazama baharini huoni bandari yoyote, unaona mikoko tu, na mwalimu akaeleza hiyo ni sababu mojawapo watu walihama, mikoko na matope viliziba bandari, vyombo vikawa havifiki, mji ukahamia Bagamoyo. Kwenye ile minara ya makaburi kulikuwa na bakuli za namna hiyo zimepachikwa kwenye chokaa, nyingi hazipo tena, yamebaki mashimo ya duara. Miaka yote nilikuwa nafikiri yale mashimo ni urembo.

Mchana tukapita kwa bibi, nilimwomba mwalimu na akakubali, watu 19 uani. Mwalimu alipiga magoti kabisa, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, karibuni, akaulizwa maswali mawili matatu ya adabu halafu akamuuliza kuhusu chokaa. Basi bibi akaanza. Kumbe baba yake alikuwa anachoma chokaa. Akaeleza tanuu linavyopangwa, magogo kwa duara, juu yake matumbawe, linawashwa linaungua siku nzima na usiku, yakiiva unayaacha yanyeshewe mvua yaoze yenyewe, usiyatumie mabichi ukuta utapasuka. Wenzangu wote wanaandika mpaka kalamu zinaisha. Akasema tena kwamba vyumba vya zamani vilikuwa vyembamba si kwa umaskini, boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo, akanyoosha mikono na kupiga hatua tatu uani. Sisi asubuhi tulikuwa tumepima vyumba na kuta na kuandika mita 2 na nusu mpaka 3 bila kujua kwa nini. Mwalimu alivyoondoka alimwambia bibi, leo mwalimu ulikuwa wewe. Bibi alilielezea hilo mtaa mzima mpaka alipofariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na hii kozi mimi siwezi kuitenganisha na ule mchana.

Jambo lingine lilikuwa zito. Kwetu tunasema sisi ni Washirazi, yaani asili yetu ni Shiraz kule Uajemi. Bibi alisema, baba yake alisema. Darasani kukawa na mjadala wa wiki mbili kuhusu nani alijenga hii miji ya pwani, na nilikuja nimejiandaa kutetea ukoo. Tukafundishwa kwamba watafiti wa zamani akina James Kirkman aliyechimba Gedi kule Kenya na Neville Chittick aliyechimba Kilwa walielekea kuiona kama miji ya wageni waliokuja na meli. Baadaye Mark Horton akachimba Shanga kule kisiwa cha Pate, Kenya, miaka ya 1980 na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo zaidi, ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, mji umekua wenyewe kidogo kidogo kutoka kijiji. Profesa Felix Chami naye kwa upande wa huku kwetu alionyesha kwamba vyungu vya pwani vya awali vinafanana na vya watu wa bara waliofua chuma na kulima. Kwa hiyo nikaondoka siku hiyo nimenuna kabisa, nikiona bibi ameitwa mwongo.

Wiki iliyofuata mwalimu akaleta utafiti wa DNA uliotoka mwaka 2023 kwenye jarida la Nature, mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, kutoka Manda, Faza na Mtwapa kule Kenya mpaka Kilwa na Songo Mnara huku kwetu. Matokeo, wengi wao upande wa mama ni Waafrika na upande wa baba damu ya Asia ilikuwa kubwa, ya Kiajemi zaidi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Darasa zima kimya. Mwalimu akasema vyungu havikudanganya, vyungu kwa kawaida vilifinyangwa na wanawake na wanawake walikuwa wa hapa hapa, na wazee nao hawakudanganya, kuna baba zao walitoka mbali, na lugha ikabaki ya mama. Nilirudi hosteli nikampigia bibi simu nikamweleza kwa kirefu. Akanijibu, kwani mimi nilisema mama zetu walitoka wapi? Nililia, sioni aibu kusema.

Kuhusu sarafu nisiseme sana ingawa ndo nilifanyia asainmenti. Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande mbili zina vina! Mtu anasoma pesa kama beti. Moja ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa anatawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, imeokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, kule ambako dhahabu ilikuwa inapitia kuja bandari ya Sofala, Msumbiji, na Kilwa. Na nyingine 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi mmoja kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, zimefikaje huko bado watu wanabishana. Nilipata kazi nikajilipia mwenyewe kwenda Kilwa Masoko, nikavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, nikakaa saa nzima kwenye magofu ya jumba la Husuni Kubwa pale kwenye lile bwawa la pembe nane linalotazama bahari, na nilikuwa naona kila ukuta umetoka kwenye tanuu gani.

Sasa ile alama moja niliyokata. Usajili wa kozi za nje ni mateso, mfumo unakataa, unaenda idara yako wanakwambia nenda idara ile, ile wanakwambia leta barua, nilizunguka siku nne na wenzangu wawili walikata tamaa wakaacha, na hilo linaniuma kwa sababu walikuwa wanaitaka kweli. Kuna mtu mzima kabisa idarani kwangu aliniambia napoteza muda na nitaharibu GPA. Mtu anayeongea na mwanafunzi wa miaka 21 asimwambie hivyo, maana wengine wanasikiliza. Vifaa ni vichache, miko minne kwa watu 18, wengine siku nzima walishika ndoo tu. Kopi za kusoma zimefifia mpaka michoro ya tabaka haionekani, bora upige picha za kitabu chenyewe maktaba. Na matokeo ya testi tuliyafahamu UE, mtihani wa mwisho wa semista, imeshakaribia. Ugumu wake ni kusoma, kila wiki kurasa 40 au 50, sio kozi ya kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani, mimi nilipata B+ na ripoti ya Kaole ndo iliniokoa.

Nikilinganisha na nyingine nilizosoma nje, Kichina cha kuanzia nilikipenda ila kwa saa tatu kwa wiki hufiki mbali, ukimaliza unajua kusalimia na kuhesabu. Ushairi wa Kiswahili nilikaa tu kusikiliza bila kusajiliwa, ile kuhesabu mizani 16 kwa mstari, nane na nane, ni burudani kubwa kwa mtu anayependa hesabu zifunge, na mwalimu aliturudisha mpaka tukazipata. Hiyo naipa 8. Lakini akiolojia ndo nimeibeba mpaka kazini, saa hizi niko kwenye ukaguzi wa hesabu na nikifungua faili la mtu huwa naanza chini, karatasi ya kwanza kuingia, napanda juu, na mara mbili nimekuta karatasi iliyochomekwa katikati baadaye kwa kuangalia tu imekaa vipi na wenzake.

Kwa anayetaka kuichukua, fuatilia usajili wiki ya kwanza, usisubiri ya pili, na barua ya mkuu wa idara uwe nayo mkononi kabla hujaambiwa uilete. Kama unatoka pwani, Engaruka, Kondoa au popote penye mawe au michoro ya wazee, mwambie mwalimu mapema, anapenda sana kusikia na anaweza kukupa ufanyie ripoti hapo hapo kwenu. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka tenga elfu 30 ya safari, nunua mwiko wako mdogo dukani kwa vifaa vya ujenzi uandike jina, usigombanie minne. Siku ya Kaole vaa kofia pana na viatu vya kufunika vidole, beba maji lita tatu, na ukipita njia ya kushuka pwani ukaona nyumba yenye mwembe mkubwa na tofali zimepangwa uani, piga hodi, mjomba wangu yupo, mwambie umetoka kwenye magofu na umuulize kuhusu tanuu, anaijua kazi yote, bibi alimwachia.